Perege wa Tumati wanahitaji utafiti wao

Mfugaji wa samaki anajua pesa yake inakoishia: kwenye chakula. Katika ufugaji wa kibiashara, chakula peke yake hula nusu ya gharama au zaidi, na kinachokipandisha bei ni protini. Kwa miaka mingi protini hiyo imetoka kwa samaki wengine. Peru ilipofuta msimu wa kwanza wa uvuvi wa dagaa wake mwaka 2023, kwa kuwa wengi walikuwa bado wachanga, bei ya unga wa samaki ilipanda duniani. Kwetu Tanzania mzigo wa kutoa protini hiyo unabebwa na dagaa wa Ziwa Victoria, yule yule anayetegemewa na familia isiyomudu nyama.

Mbadala unaosifiwa sana siku hizi ni funza wa nzi chuma (black soldier fly), wanaolishwa taka za sokoni kisha kukaushwa na kusagwa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimewatafiti kwa miaka mingi, na Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki mwaka 2017. Sina ugomvi na funza. Lakini tuwapeleke Tumati, kwenye nyanda za juu za Mbulu, ambako Juni na Julai watu hutembea wamejifunika mashuka. Funza hawa hustawi kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30, baridi huwadumaza. Perege naye ni vivyo hivyo: chini ya nyuzi 20 hukua kwa kusuasua, na maji yakishuka kufikia 16 hivi huacha kula. Majibu yaliyopatikana kwenye matangi ya pwani yenye joto hayawezi kupandishwa Mbulu yalivyo.

Kinachopatikana Mbulu na jirani yake Hanang ni alizeti, mahindi na maharage. Mashine nyingi ndogo hukamua alizeti pamoja na maganda, kwa hiyo mashudu yake yana nyuzinyuzi nyingi ambazo samaki hawezi kuzimeng'enya. Protini yake pia ina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na mahindi nayo hayana ya kutosha. Maharage yanayo, ila yakiwa mabichi huzuia protini isimeng'enywe, lazima yapikwe. Basi vyakula hivi vinaweza kufidiana, lakini kwa vipimo gani, na katika maji ya nyuzi ngapi?

Kubahatisha kuna gharama. Ukimwaga pumba na mashudu makavu bwawani, upepo huyasukuma ukingoni, samaki huchagua unga laini, maganda huzama na kuoza. Baada ya muda maji huwa kijani kizito, na alfajiri samaki huhema juu ya maji kwa kukosa oksijeni. Mchanganyiko huohuo ukikandwa kwa uji wa muhogo, ukapitishwa kwenye mashine ya kusagia nyama na kuanikwa, hutoa vipande visivyotawanyika haraka majini.

Jaribio la kupata vipimo hivyo si la ajabu: matangi yanayofanana, samaki wa uzito mmoja, vyakula vinavyotofautiana kwa kitu kimoja tu, na mizani kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa. Lakini kampuni gani italigharamia, ikiwa matokeo ni vipimo ambavyo kila mtu atavifuata bure? Hapo ndipo serikali inapohitajika. Hata Marekani, pamoja na kampuni zake tajiri, mwaka 2007 serikali ilianzisha mpango wake wa vyakula mbadala vya samaki. Sisi tunayo taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, tangu 1980, tuna chuo kikuu cha kilimo, SUA, na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, ipo kugharamia utafiti. Matangi machache Mbulu hayawezi kuifilisi hazina.

Sehemu ya fedha hiyo iende kwenye utafiti wa ukungu na sumu yake, sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata uliikuta kwenye mbegu na mashudu ya alizeti ya wakamuaji wadogo nchini. Sumu hiyo huharibu ini la samaki na kumdumaza. Gunia lililolowa na kuvunda lisiende bwawani eti kwa sababu ng'ombe amelikataa. Na wakati tukisubiri utafiti huo, miezi ya baridi lisha mchana jua likiwa limepasha maji. Chakula cha alfajiri huko Mbulu huishia kwenye tope.