Skyhawk: Ndege Ndogo, Swali Kubwa

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu sisi walimu huitumia methali hii kuwahimiza wanafunzi waweke akiba. Ni wachache wetu wanaokumbuka kwamba mzigo nao hujaa vivyo hivyo. Mhandisi Ed Heinemann wa kampuni ya Douglas nchini Marekani aliufahamu ukweli huo barabara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, jeshi la majini la Marekani lilihitaji ndege mpya ya jeti ya kushambulia, itakayoruka kutoka kwenye manowari. Nafasi katika manowari ni finyu, ilhali ndege za vita zilikuwa zikizidi kuwa nzito. Jeshi liliruhusu uzito wa kilo 13,600 hivi. Heinemann akaahidi takribani nusu yake.

Siri yake haikuwa uchawi. Kila kifaa kilikabiliwa na swali moja: je, kinahitajika? Mabawa yalifanywa mafupi, mita 8.4 kutoka ncha hadi ncha, hata pasiwe na haja ya kuyakunja ili ndege ienee manowarini. Kwa kuwa hayakukunjwa, hayakuhitaji bawaba wala mitambo ya kukunjia, na uzito ukazidi kupungua. Tarehe 22 Juni 1954 ndege hiyo, iliyoitwa Skyhawk, yaani mwewe wa angani, iliruka kwa mara ya kwanza. Kufikia 1979 zilikuwa zimeundwa 2,960.

Mimi ni mwalimu wa lugha, nami natamani swali hilo liandikwe juu ya ubao wa kila darasa. Insha nyingi ninazosahihisha zimeelemewa na maneno yasiyobeba maana yoyote. Mwanafunzi anayekiuliza kila kifungu iwapo kinahitajika huandika insha inayoruka.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, swali hilo halikupasa kuishia kwenye vifaa. Mnamo Agosti 1964, rubani Everett Alvarez alitunguliwa nchini Vietnam akiwa ndani ya Skyhawk, akafungwa kwa zaidi ya miaka minane. Mwaka 1967 John McCain, ambaye Wakenya wanamkumbuka kwa kushindwa na Barack Obama katika uchaguzi wa 2008, alitunguliwa juu ya Hanoi katika ndege iyo hiyo. Mwaka 1982 Skyhawk za Argentina ziliizamisha manowari ya Uingereza, Coventry. Mabaharia 19 wakafa. Ama raia wa Vietnam walioangukiwa na mabomu, majina yao hatuyasomi popote.

Heinemann alikiuliza kila kifaa iwapo kilihitajika. Je, waliozituma ndege hizo waliviuliza vita vyenyewe swali lilo hilo? Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kupima uzito wa chuma, na asimfundishe kupima uzito wa uhai, amemaliza nusu ya somo.