Kizimba cha Chuma Ndani ya Gari la Barabarani: Kinga ya Mwili, Hatari kwa Kichwa

Chukulia mfano wa kijana wa Ihanja, wilayani Ikungi mkoani Singida, aliyehamia mjini kikazi na ambaye sasa amenunua gari dogo lenye injini ya turbo. Amelishusha kimo, amelifungia ekzosi pana, na mwishowe amelipeleka kwa fundi wa kuchomelea mageti ili ndani yake ajengewe kizimba cha mabomba ya chuma kama kile kinachoonekana katika magari ya mashindano. Mwezi wa Desemba anarudi nyumbani kuwasalimu wazazi. Mama mdogo anaomba lifti ya kwenda mnadani, na wadogo zake wawili wanaruka kiti cha nyuma. Hakuna aliyevaa helmeti, wala hakuna anayefikiri kwamba angepaswa kuivaa. Kijana anaamini, kwa nia njema kabisa, kwamba ndugu zake hawajapata kupanda gari lililo salama kuliko hilo.

Wataalamu wa majeruhi wanaliona gari hilo kwa jicho jingine. Kizimba hulinda nafasi anamokaa mtu. Hakilindi kichwa cha mtu. Kichwa hulindwa na helmeti, kiti kinachokumbatia mabega, na mikanda inayozuia mwili usiyumbe. Kizimba kinapowekwa peke yake, bila vitu hivyo vingine, mabomba yake huwa vyuma vilivyoning'inizwa sentimita chache tu kutoka kwenye mafuvu ya abiria.

Ni haki kueleza kwanza faida yake. Gari linapopinduka na kubingirika, paa la kawaida linaweza kubonyea hadi kwenye vichwa na shingo za waliomo. Kizimba huzuia paa lisibonyee, na milango isiingie ndani gari linapogonga mti kwa ubavu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliendeshwa miaka ya mwanzo kwa magari yaliyokaribiana sana na yale ya dukani. Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, aliyashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, kila gari lilikuwa na kizimba kamili, na madereva wanaobingirika mara kadhaa vumbini hutoka wakitembea kwa miguu yao. Picha hizo ndizo zinazowavutia vijana. Kisichoonekana vizuri katika picha ni vitu vilivyomzunguka dereva: helmeti, kifaa cha kushikilia shingo, kiti chenye mbavu, mikanda ya ncha sita iliyokazwa hadi pumzi inabana, na daktari aliye tayari karibu na njia.

Atakayepinga atasema kwamba madereva hao huvua helmeti wanapopita barabara za kawaida kutoka kipande kimoja cha mashindano kwenda kingine. Ni kweli. Hata hivyo, mwili wa dereva huyo bado umeshikwa na kiti na mikanda ile ile, mabomba yaliyo karibu naye yamevikwa sponji maalumu, na kiti cha nyuma hakipo kabisa.

Ili kuelewa kinachotokea kichwani, hesabu ndogo inatosha. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 4.5 hadi 5. Mkanda wa kawaida, ule uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, hushika bega moja na nyonga, na kwa makusudi huachia kifua kusogea kidogo ili mbavu zisivunjike. Kwa hiyo kichwa hurushwa mbele au kando. Kikigonga kitu kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, mwendo wa baiskeli tu, na kitu hicho kikabonyea kwa sentimita 5, kichwa hupunguzwa mwendo kwa nguvu ya takriban mara 25 ya mvuto wa dunia. Kitu hicho hicho kikibonyea kwa sentimita 1 pekee, nguvu hiyo hupanda hadi zaidi ya mara 120. Watengenezaji wa magari hutandika ndani ya nguzo na dari vitu vinavyobonyea kwa sababu hiyo. Bomba la chuma halibonyei. Tena ni la mviringo na jembamba, hivyo nguvu yote hukusanyika mahali padogo pa fuvu. Hapo mfupa huweza kuvunjika na kuzama ndani. Ukivunjika kwenye panja, ateri inayopita chini yake huchanika na damu kuanza kujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo.

Sponji ya godoro iliyofungwa kwa gundi haibadilishi hesabu hii. Sponji ya mashindano ni ngumu kuliko mtu anavyodhani akiibonyeza kwa kidole, na ile inayowekwa karibu na kichwa imekusudiwa kupokea kichwa kilichovaa helmeti. Pia mifuko ya hewa ya pembeni, ile ambayo mafundi huiita eabegi, inaweza kushindwa kufunguka ipasavyo ikiwa bomba limepita mbele yake.

Chuma chenyewe nacho kina masharti yake. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, hutaka upinde mkuu ulio nyuma ya dereva uwe wa bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2. Kila mguu wa kizimba unaofungwa kwa bolti ukae juu ya bamba la chuma lenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, ili usitoboe sakafu. Mabomba ya mageti na vitanda mara nyingi ni membamba na yana mshono. Fundi hodari wa mageti si lazima awe fundi wa vizimba, na bomba linalokatika kwenye maungio humwachia abiria ncha kali.

Kosa jingine hufanywa kwenye mikanda. Baadhi ya vijana hufunga mikanda ya ncha nne kwenye kiti cha kawaida. Mkanda usio na kipande kinachopita katikati ya mapaja huweza kupandishwa na ule wa mabega. Gari linapogonga, mwili huteleza chini yake, na nyonga ambayo ingepokea nguvu huacha kazi hiyo kwa tumbo laini. Majeruhi wa namna hii huweza kufika kituoni akilalamikia maumivu madogo ya tumbo huku utumbo umechanika. Vilevile, mabega yakikazwa kabisa bila kifaa cha kushikilia shingo, kichwa hubaki kikivutwa mbele peke yake, na fuvu huweza kupasuka kwenye kitako chake. Bingwa wa Marekani Dale Earnhardt alikufa kwa mpasuko wa aina hiyo huko Daytona tarehe 18 Februari 2001. Kifaa cha kuzuia jambo hilo, HANS, kilikuwa kimekwisha kubuniwa tangu miaka ya 1980 na Robert Hubbard, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, pamoja na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mashindano.

Mkulima wa alizeti wa Singida asije akasoma haya akaenda kuung'oa upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti cha trekta lake. Upinde ule uko mbali na kichwa, na trekta halina paa wala milango ya kumkinga dereva linapolala ubavu. Sweden iliulazimisha kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua mno. Ubaki pale pale, na dereva afunge mkanda.

Kwa gari la barabarani, ushauri unategemea matumizi. Gari la familia lisiwekewe kizimba; mikanda mizima kwenye viti vyote, matairi mazuri na breki zinazoshika huokoa watu wengi zaidi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mkanda pekee huweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi nusu. Anayetaka kushindana mwishoni mwa juma na kulitumia gari hilo hilo kwenda kazini anaweza kuridhika na nusu kizimba, yaani upinde mmoja nyuma ya viti vya mbele na mihimili inayoelekea nyuma, bila bomba lolote pembeni mwa vichwa vya mbele. Gari hilo ling'olewe viti vya nyuma. Abiria aliyeketi nyuma ya upinde atagonga uso wake juu yake hata katika ajali ndogo, na mara nyingi anayewekwa kiti hicho ni mtoto.

Mhudumu wa kituo cha afya anayepokea majeruhi wa gari la namna hii aulize mapema iwapo lilikuwa na kizimba, maana gari huweza kuonekana halikuharibika sana huku aliyemo ameumia. Kumtoa pia ni kazi, kwa kuwa bomba hukatiza mlango. Kama hakuna moto, shingo ishikiliwe katika mstari wake kabla ya kumvuta. Apapase kichwa chote chini ya nywele. Weusi kuzunguka macho yote mawili, mchubuko nyuma ya sikio, au maji maangavu yanayotoka puani au sikioni humaanisha huenda kitako cha fuvu kimepasuka, na majeruhi huyo asiingizwe mrija wowote kupitia puani. Oksijeni katika damu isishuke chini ya asilimia 90, na kwa mwenye miaka kati ya 15 na 49 mgandamizo wa juu wa damu usishuke chini ya 110.

Anayehitaji uangalizi wa karibu zaidi ni yule aliyezimia kidogo, akazinduka, na sasa anaomba kwenda nyumbani. Damu inayotoka kwenye ateri ya panja huweza kumwacha akizungumza vizuri kwa saa kadhaa. Apimwe kwa Kipimo cha Glasgow kila nusu saa kwa saa 2, kisha kila saa kwa saa 4, halafu kila baada ya saa 2. Alama zikishuka, akitapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakizidi, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe bila kusubiri kulipopambazuka katika hospitali yenye kipimo cha CT na daktari wa upasuaji wa ubongo, na hospitali hiyo ipigiwe simu kabla gari la wagonjwa halijaondoka.