Mistari Elfu Moja, Safari Chache

Hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nawaandikia mawakala wa forodha programu za kutunza orodha za shehena. Kontena moja linalotoka Mombasa kwenda Kampala huweza kubeba mali ya watu wengi: spea za pikipiki, marobota ya mitumba, vyombo vya nyumbani. Kila mzigo una mstari wake kwenye hifadhidata, wenye namba yake, jina la mwenyewe, uzito na thamani.

Seva ikiwa Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, mstari unaotumwa peke yake huenda na kungoja jibu kabla mwingine haujaondoka. Tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 30: mistari 1,000 inakula nusu dakika, kwa orodha moja tu. Kwa jirani zetu wa mpakani, tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, lori hukaguliwa upande mmoja badala ya pande mbili. Programu zetu zisiirudishe foleni ya kukaguliwa mara mbili.

Ndiyo maana naipenda kursa ya kuingizia data, iliyomo katika mfumo wa hifadhidata wa Informix kwa wanaoandika kwa lugha ya C. Programu huiunda amri ya INSERT ikiwa tayari inaendeshwa, ikiweka alama za kuuliza mahali pa thamani, kisha PREPARE huiandaa mara moja tu. DECLARE huipa kursa jina, OPEN huifungua, na PUT hupokea mstari mmoja mmoja. Lakini mstari bado haujasafiri. Umewekwa kwenye bafa, kumbukumbu ya muda, kama trei za mayai ya Uganda zinavyopangwa kwenye mkokoteni kabla ya kuvushwa. Bafa ikijaa, yote huondoka pamoja. FLUSH huituma hata kabla haijajaa, na CLOSE humalizia iliyosalia.

Vijana ninaofanya nao kazi nawasisitizia hili: PUT ikikubali, mstari haujafika. Programu ikikatika kabla ya CLOSE, yaliyomo kwenye bafa yamepotea, na robota la mama fulani halimo kwenye orodha. Mstari wa 41 ukikataliwa kwa kuwa namba yake imeshatumika, 40 ya mwanzo imeingia, na iliyoufuata ndani ya bafa hutupwa. Kwa hiyo kila baada ya FLUSH soma sqlcode, yaani msimbo wa matokeo ya amri, kisha sqlerrd[2], inayotaja idadi iliyoingia kweli. Mimi hutanguliza BEGIN WORK kabla ya OPEN. Idadi iliyotumwa na iliyoingia zikipishana, ROLLBACK WORK huondoa mistari yote iliyoingia, mstari wenye kasoro unarekebishwa, na orodha inatumwa upya nzima.