Yatima na Nasaba Yake

"Kuzaa si kazi, kazi kulea," walinena wahenga. Hapa Mwambao, tangu jadi, yatima huchukuliwa na ami, mjomba au nyanya, wala habadilishwi nasaba: hubaki akiitwa kwa jina la babake, na urithi wake haupotei. Waislamu huuita ulezi huo kafala, nao si sawa na kuasili mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 uliitaja kafala katika kifungu cha 20, na Kenya ikauridhia 1990. Sheria yetu ya Watoto ya 2022 nayo imeitambua. Ni jambo la heri. Lakini, msomaji mpenzi, sheria yaweza kumkabidhi ami mtoto. Kumtia huruma moyoni haiwezi. Mali ya yatima ni amana. Mwenye kuila ajua anachokila.