Kailo: Zaka ya fitri inapaswa kumfikia maskini kabla ya swala ya Idi

Ramadhani inapokaribia kuisha, maongezi ya sokoni yanageuka katika vijiji vya Kailo, jimboni Maniema. Watu wanaulizana juu ya mwezi, nguo za watoto na bei ya mchele. Mchele huo si wa sufuria ya Idi peke yake. Kila Mwislamu anayebakiwa na kitu baada ya kuhesabu chakula cha jamaa yake cha usiku na mchana wa Idi anadaiwa zaka ya fitri, na hapa kwetu deni hilo linalipwa hasa kwa mchele.

Asili yake ni hadithi iliyopokewa na Ibn Umar. Mtume Muhammad alifaradhisha kipimo kimoja cha tende au cha shayiri kwa kila Mwislamu, mwanaume na mwanamke, mkubwa na mdogo, huru na mtumwa, akaagiza kitolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Ibn Abbas naye alieleza sababu mbili: kumsafisha aliyefunga kutokana na maneno ya ovyo yaliyomponyoka, na kumlisha maskini.

Shayiri hailimwi Maniema, na tende ni za dukani. Lakini madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaifuata, inasema mtu atoe nafaka ambayo watu wa mji wake wanaitegemea. Mchele wenyewe una historia. Uliletwa Maniema na watu walewale walioleta Uislamu: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa kutoka pwani na Zanzibar, waliojenga Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 na kulimisha watumwa mashamba ya mpunga. Kwa hiyo maneno "huru na mtumwa" si ya mbali kwa mtu wa hapa. Utawala wa wafanyabiashara hao ulivunjwa na majeshi ya mfalme Leopold II katika vita vya 1892 hadi 1894. Mpunga ulibaki, na misikiti pia.

Kipimo chenyewe Waswahili wa pwani wanakiita pishi. Asiye na pishi aunganishe mikono miwili ya mtu mzima, achote mara nne. Kwa mchele, maimamu wengi wanahesabu kilo 2,5, na wengine wanafika 3 kwa tahadhari. Jamaa ya watu 8 inatoa basi kilo 20. Hiyo si kidogo kwa mkulima. Tena, mpunga wenye maganda haujazi kipimo, kwa sababu ukitwangwa unapungua; atoe mchele ulio tayari kupikwa.

Na jamaa inayokula mihogo mwaka mzima? Swali hili ni la kweli Kailo, ambako msitu ni mwingi na unga wa mihogo uko katika kila nyumba. Vitabu vya Mashafii vinataja nafaka. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa karne ya 13 na ya 14, aliona kwamba chakula chochote cha kawaida cha watu wa mahali kinatosha. Afadhali kumuuliza imamu mapema kuliko kubishana naye asubuhi ya Idi.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa pesa. Eneo la Kailo ni la kasiterite na wolframu, na wababa wengi wanalala kwenye machimbo, mbali na nyumba. Mume ndiye anayedaiwa fitri ya mke na ya watoto wadogo. Anatuma franga, kwa simu kama mtandao upo, au kwa mkono wa mtu wa moto. Imamu Abu Hanifa aliruhusu kutoa thamani kwa pesa. Malik, Shafii na Ahmad walikataa. Njia ambayo wengi wanaikubali ni kuufanya msikiti kuwa wakili: unapokea pesa, unanunua mchele, unaugawa. Lakini njia hiyo inafaa tu kama mchele unanunuliwa mapema. Kamati inayongoja mkesha wa Idi inakuta bei imepanda, na magunia yanafunguliwa watu wakiwa wamekwisha kuswali.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwa Ibn Abbas, inayotolewa baada ya swala ni sadaka kama sadaka nyingine. Mashafii wanasema kuchelewesha hadi baada ya swala kunachukiza, na kuvuka magharibi ya siku ya Idi bila sababu ni dhambi, na deni linabaki palepale. Wao wanaruhusu kutoa tangu mwanzo wa Ramadhani. Kwa kijiji ambako habari ya mwezi inaweza kuchelewa usiku, ruhusa hiyo ni ya thamani: mama maskini anayepokea mchele siku tatu kabla ana wakati wa kutafuta mafuta na kuni, na siku ya Idi haendi kuomba.

Mchimbaji aliye machimboni, fitri yake mwenyewe inatolewa pale jua la siku ya mwisho ya Ramadhani lilipomkuta, kwa maskini wa pale; ya mke na watoto inatolewa kijijini. Hawezi kuwapa wazazi wake masikini anaowalisha, kwa maana hao ni mzigo wake tayari. Jirani mjane, mzee asiye na mtoto, jamaa iliyokimbia vita na kuacha kila kitu nyuma: hao wanastahili. Kwa jirani Mkristo, wanazuoni wengi hawahesabu fitri. Sahani ya wali na nyama ya Idi ni jambo jingine, nayo haijawahi kukatazwa.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya jua hilo la mwisho kuzama anahesabiwa, naye anatolewa kilo zake 2,5. Aliyezaliwa baada ya magharibi, baba yake hadaiwi kitu kwa ajili yake mwaka huo.