Mzozo wa Gulu: Ufa wa Chama Uliofika Kambini

Askari wengi husema kwamba ugomvi wa vyama ni kazi ya wanasiasa, nao hauwahusu. Kwa upande mmoja wasema kweli, kwani mwenye sare hana ruhusa ya kusimama jukwaani. Lakini historia ya nchi yetu yatufundisha kwamba ugomvi wa ndani ya chama, usipomalizwa katika ukumbi wa mkutano, haukai humo. Hutoka ukatafuta wenye bunduki. Kwa sababu hiyo twapenda leo kuwakumbusha ndugu zetu wa jeshi na polisi, hasa vijana waliozaliwa baada ya mambo hayo, habari za mkutano wa chama cha UPC uliofanyika Gulu mwaka 1964.

WALIOJENGA NYUMBA

Chama cha UPC kilizaliwa mwezi Machi 1960, pale kundi la Milton Obote, lililotoka katika Uganda National Congress, lilipoungana na Uganda People's Union. Wengi wa viongozi wake walikuwa watu wazito katika wilaya zao, na kila mmoja alikuja na wafuasi wake nyuma yake. Kwa hiyo chama kilikuwa mkusanyiko wa wakubwa wa wilaya, na nguvu yake ilitegemea masikilizano yao.

Katibu Mkuu wa chama alikuwa John Kakonge. Alikuwa kijana aliyesoma India na kurudi na fikra za ujamaa. Yeye na wenzake walitaka chama kiwe cha wakulima na wafanyakazi, chenye matawi yaliyo hai na sauti moja nchi nzima. Vijana wa chama walimpenda, na ndio waliofanya kazi ngumu ya kuwaita watu mikutanoni na kutafuta kura za mwaka 1962.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Oktoba 1962. UPC iliunda serikali pamoja na Kabaka Yekka, chama kilichosimama kutetea kiti cha ufalme wa Buganda. Vijana walipotazama orodha ya mawaziri hawakuliona jina la Kakonge. Manung'uniko yao yakawa ya mtu aliyejenga nyumba kisha akalazwa barazani.

HOFU YA WAZEE

Haifai kuwalaumu wazee wa chama bila kuzitazama siku zenyewe. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Zanzibar ilipinduliwa. Tarehe 20 mwezi huo huo askari wa Tanganyika waliasi. Tarehe 23 askari wa Uganda Rifles waliasi Jinja, wakamshika Waziri Felix Onama mpaka akakubali kuwaongezea mishahara, na askari wa Kiingereza wakaitwa kurudisha utulivu. Tarehe 24 ikawa zamu ya Lanet, huko Kenya. Yote hayo yalitokea katika muda wa wiki mbili.

Baada ya mwezi kama huo, kila kijana aliyetamka neno mapinduzi alionekana kuwa hatari. Wazee walisema vijana hao wana haraka, hawana adabu, na wamejifanya serikali ya pili. Neno hilo halikuwa uzushi mtupu. Kijana wa chama anapojiona ana haki ya kumwamuru raia njiani, amejitwalia kazi ya polisi, wala hakuna polisi anayeweza kufurahia jambo hilo.

MKUTANO WENYEWE

Miezi michache baada ya maasi ya Jinja, wajumbe wa UPC walikusanyika Gulu. Kiti kilichogombewa ni kile cha Katibu Mkuu. Kakonge alipingwa na Grace Ibingira, mwanasheria kutoka Ankole na waziri katika serikali, aliyeungwa mkono na wengi wasioutaka ujamaa. Obote, ambaye neno lake lingeweza kumwokoa Kakonge, hakulisema. Kura zilipohesabiwa Ibingira alikuwa ameshinda. Upande ulioshindwa ulilalamika kwamba uchaguzi haukuwa wa haki.

Kushindwa kwa kura si msiba. Msiba ulikuwa katika yale yaliyofuata. Wenye fikra za Kakonge walianza kuondolewa katika chama, na miongoni mwa waliofukuzwa alikuwa Dani Nabudere. Mlango ukafungwa, wala hapakubaki kikao ambamo wanyonge wangeweza kusema na kusikilizwa. Wakati huo huo, baada ya ushirika wa UPC na Kabaka Yekka kuvunjika mwaka 1964, wabunge kadhaa wa Kabaka Yekka walihamia UPC, na wengi wao wakaongeza nguvu ya Ibingira. Obote, aliyenyamaza Gulu, akaona sasa kwamba yule aliyemwacha ashinde anakitazama kiti chake yeye.

UFA UNAFIKA KAMBINI

Tangu hapo kila upande ulianza kuhesabu maofisa kama ulivyohesabu wajumbe. Brigedia Shaban Opolot, mkuu wa jeshi, alidhaniwa kuwa karibu na wapinzani wa Obote. Kanali Idi Amin, msaidizi wake, alihesabiwa kuwa mtu wa Obote. Ndugu askari, huo ndio wakati wa kuogopa, kwani ofisa akishajulikana kuwa ni wa fulani, amri yake haiaminiwi tena na walio chini yake wote.

Tarehe 4 Februari 1966, Obote akiwa safarini kaskazini, Daudi Ocheng alileta hoja bungeni juu ya dhahabu ya Kongo, akataka Amin asimamishwe kazi na achunguzwe. Karibu bunge zima liliikubali hoja hiyo, pamoja na wabunge wa chama kilichotawala. Mmoja tu aliipinga, naye ni John Kakonge, yule yule aliyeangushwa Gulu.

Tarehe 22 Februari Ibingira na mawaziri wengine wanne walikamatwa na watu wenye silaha ndani ya kikao cha baraza la mawaziri. Katiba ya 1962 ikasimamishwa. Opolot akaondolewa katika uongozi wa jeshi, na Amin akakabidhiwa. Tarehe 24 Mei jeshi lilishambulia ikulu ya Mengo, na Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969.

Mwaka huo wa 1969 Obote alitangaza Hati ya Mwananchi wa Kawaida, yenye mengi ya yale waliyoyadai vijana wa Kakonge. Lakini wengi wa vijana wale walikwisha tawanyika, na serikali ilikuwa imezoea kuegemea bunduki. Tarehe 25 Januari 1971 bunduki hiyo ilimgeukia. Katika mwaka huo huo askari wengi wa Acholi na Lango waliuawa na askari wenzao ndani ya kambi, Jinja na Mbarara zikiwa kati ya hizo. Kakonge mwenyewe alipotea mwaka 1972 chini ya utawala wa Amin. Ibingira alifunguliwa kutoka kizuizini, lakini baadaye naye akaishi uhamishoni.

MFANO WA TABORA

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Majirani zetu walipitia mzozo wa namna hiyo. Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kuamua kama chama kishiriki katika uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Wengi walikuja na hasira, wakitaka chama kisusie. Nyerere alibishana nao waziwazi mpaka akawashawishi. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka, akaunda chama chake, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere, akashindwa vibaya. Hakuna askari aliyeitwa kuamua. Mkubwa alisema wazi alilolitaka, aliyeshindwa akapewa njia ya kutokea, na mambo yakaishia katika masanduku ya kura.

LA KUSHIKA

Hatukuyaandika haya ili kuwahukumu waliokwisha lala makaburini. Vijana wa UPC walikuwa na hoja njema na haraka mbaya. Wazee walikuwa na hofu ya haki, lakini walifunga mlango ambao wangeupitia wao wenyewe siku ya dhiki. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta uliojengwa hapa nchini ulijengwa kwa damu, na sehemu kubwa ya damu hiyo ni ya wenye sare.

Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 208, yasema kwamba jeshi letu lisiwe na upande wa chama, na liwe chini ya mamlaka ya raia. Maneno hayo yaliandikwa na watu walioyakumbuka ya 1966 na 1971. Kwa hiyo, ndugu askari, ukifuatwa jioni na mtu wa kundi lolote la chama, mzee au kijana, akikueleza jinsi kundi lake lilivyodhulumiwa, msikilize kwa adabu kama raia mwenzako, kisha mwelekeze kwenye mkutano wa chama chake. Akikutaka umsaidie kwa silaha au kwa cheo chako, umjulishe mkubwa wako siku hiyo hiyo. Bunduki uliyokabidhiwa ni ya nchi nzima, pamoja na wale watakaoshindwa katika kura.