Raba za Laki Mbili na Nusu

Kijana wa kidato cha pili anataka Air Force 1 nyeupe. Anataka orijino, si kopi ya Kariakoo, na ameshatangaza kwamba bila hizo hakanyagi kwenye mahafali ya kidato cha nne. Raba hizo zilitoka mara ya kwanza mwaka 1982 kwa ajili ya wacheza mpira wa kikapu, na huko Marekani zinauzwa zaidi ya dola 100. Zikifika Dar es Salaam, ukiweka usafirishaji, ushuru na faida ya mwenye duka, ni laki mbili na nusu na zaidi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania, hata baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000. Nusu ya mshahara iende miguuni mwa mtoto mmoja, na miguu yenyewe bado inakua.

Mzazi akipandwa na hasira hapo, ana haki. Shida ni kinachofuata. Wazazi wengi wanaofika kwangu kwa ushauri wa malezi wameshapita njia moja kati ya mbili. Kuna aliyefoka: "Mimi nilisoma na ndala, na leo ndiye ninayekulisha." Na kuna aliyekopa kwenye kikoba, akanunua, kisha akawa anamsimanga mtoto kila anapozivaa. Wote wawili wameshughulika na raba. Kilichomfanya mtoto azitake hakijaguswa.

Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind wa Marekani alieleza tabia ya umri huu aliyoiita hadhira ya kufikirika. Kijana huamini kwamba kila anapopita kuna macho yanamkagua, kuanzia nywele hadi kisigino. Miaka mingi baadaye, mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa chuo angeona haya kuonekana nayo, akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Alipoulizwa baadaye, alikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameiona. Walioiona hasa walikuwa kama robo tu. Na hao walikuwa watu wa chuo. Kwa mtoto wa miaka 13, macho hayo ni mengi zaidi na makali zaidi.

Usimsomee kijana wako utafiti huu akiwa amenuna. Hatausikia, na isitoshe kuna shule ambazo kweli watoto wanachekana viatu. Muulize kwanza: nani alicheka, alisema nini, ilikuwa wapi? Mara nyingi nyuma ya dai la "kila mtu anazo" kuna watoto wawili au watatu, na kuna siku moja mahsusi aliyoaibika. Mzazi akishaijua siku hiyo, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Utafiti mwingine ninaouthamini sana ni wa Lan Nguyen Chaplin na Deborah Roedder John, uliochapishwa mwaka 2007. Waliwapima watoto wa rika tatu, kuanzia miaka 8 hadi 18, wakaona kwamba tamaa ya vitu hupanda kuelekea miaka 12 na 13, kisha hushuka wanapofika 16 hadi 18. Kujithamini kwao kulikwenda kinyume: kulishuka pale tamaa ilipopanda. Kisha wakafanya jambo rahisi mno. Waliwapa watoto maneno mazuri yaliyoandikwa na wenzao kuwahusu, kwenye sahani za karatasi. Watoto hao, hasa wale wa miaka 12 na 13, wakawa hawaweki tena vitu mbele kama mwanzo.

Kwangu hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Kijana anatafuta nafasi yake mbele ya wenzake, na raba ndiyo njia ya mkato aliyoiona. Akiwa na nafasi nyingine, iwe kwenye timu, kwaya, madrasa, skauti au kikundi cha sarakasi mtaani, uzito wa raba unapungua. Hautaisha, ila utapungua vya kutosha mkaweza kuongea. Ndiyo maana humuuliza mzazi swali ambalo huwashangaza wengi: mtoto wako anasifiwa wapi, na nani, kwa jambo gani?

Wanaosema haya ni maradhi ya kizazi cha simu wanakosea. Zanzibar, kabla ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, mtumwa mwanamume hakutakiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake, na vazi la wengi lilikuwa kipande cha merikani. Walipopata uhuru, wanaume walikimbilia kanzu na kofia, na wanawake wakavaa kanga za rangi na mitindo iliyobadilika kila mara. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza vizuri hayo kwenye kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001. Watu wale hawakuwa wajinga wa kupenda makuu. Walikuwa wanadai kuhesabiwa kuwa watu, na walilisema hilo kwa nguo kwa sababu nguo ndiyo iliyotumika kuwanyima. Babu zetu walijua uzito wa vazi. Mjukuu naye anaujua, kwa kiwango chake.

Na anatuona sisi wenyewe. Anaona sare ya kichen pati inavyotafutwa hadi pesa ya luku inaguswa. Anaona kitenge cha harusi kinavyokatwa, kinashonwa, kinavaliwa mara moja, kisha kinalala kabatini. Akisikia "sina hela" wiki ileile aliyoona mchango wa harusi ukitoka, hamwamini tena mzazi akitaja pesa. Kwa hiyo, kabla ya kukataa, mzazi aweke mahesabu mezani. Kijana wa kidato cha pili anaweza kukaa jioni moja na mama au baba, akaona kinachoingia, kodi ya nyumba, chakula, ada na nauli za wadogo zake. Wazazi huogopa kwamba watadharauliwa wakionyesha udogo wa kipato. Mimi nimeona zaidi watoto wakinyamaza na kuanza kuuliza maswali ya maana.

Baada ya hapo ndipo huja njia ninayoipendekeza kuliko nyingine zote: mkabidhi kijana fungu la nguo la mwaka, kisha mwachie uamuzi. Mahitaji ya shule yabaki mikononi mwa mzazi, yaani sare, viatu vyeusi, sweta na begi. Yaliyobaki yote yawe ya kijana. Kiasi kitategemea nyumba. Elfu sitini inatosha kuanzia, na laki na ishirini pia ni sawa. Muhimu ni kwamba kiasi hicho ndicho mzazi angekitumia hata hivyo, na hakiongezwi katikati ya mwaka.

Mama mmoja na mwanawe walikubaliana mbele yangu.

"Mama, hela hii yote ni yangu?"

"Yako, baba. Laki na ishirini, mwaka mzima. Suruali, fulana, viatu vya kutokea, nguo za ndani, nguo ya sikukuu, vyote humo."

"Nikinunua raba za laki?"

"Utabaki na elfu ishirini mpaka Desemba."

Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama soksi za shule nazo zimo. Alipoambiwa hazimo, alianza kupiga hesabu kwenye simu. Siku nyingi mama huyo alikuwa akimhimiza ajue thamani ya pesa, na hakuwahi kumwona akipiga hesabu.

Kijana mwenye fungu lake huanza kwenda soko la mitumba la Karume kwa macho mengine. Nenda naye mara ya kwanza, kwa sababu mitumba ina elimu yake. Robota likifunguliwa, viatu vizuri hutengwa, vinasuguliwa kwa mswaki na sabuni ya unga, soli iliyoachia inagandishwa gundi, ndani vinajazwa makaratasi ili visimame. Vikitundikwa vinang'aa. Mwonyeshe kijana jinsi ya kuchukua raba akaipinda kwa mikono miwili, aangalie kama soli inapasuka au gundi mpya inaachia. Aitazame kisigino kwa nyuma: kikiwa kimelika upande mmoja, mguu wake utafuata mwendo wa mwenye raba wa kwanza. Kisha afunue ulimi asome lebo. Raba za kampuni kubwa kama Nike huwa na namba ya modeli chini ya saizi. Akiiandika kwenye simu, picha itakayokuja ifanane na kiatu alichoshika, rangi kwa rangi. Isipofanana, ameshika kopi, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Kijana aliyejifunza hayo na kukata bei mwenyewe, akatoka na raba safi kwa elfu arobaini, ana la kuwasimulia wenzake, na hiyo nayo ni nafasi mbele ya rika.

Kuhusu kopi nina msimamo mkali kidogo. Usinunue feki ukamwambia mtoto ni orijino. Wenzake wataijua siku ya kwanza, na aibu aliyokuwa akiikimbia itamrudia mara mbili, safari hii imeletwa na mzazi wake. Akiamua mwenyewe kununua kopi akijua ni kopi, mweleze kwamba bidhaa bandia huiba jina la mtu na mara nyingi hazidumu.

Zawadi za ndugu nazo zipitie kwenye mpango. Mjomba aliye Muscat au Minnesota hutuma raba kwa upendo, na kwa siku moja hubomoa kazi ya miezi. Mwombeni atume kwenye siku ya kuzaliwa au baada ya matokeo, na asipigiwe simu kwa siri na mpwa wake.

Kuna wakati suala hili si la malezi ya kawaida tena. Binti akianza kuwa na simu, viatu na pochi ambavyo hakuna nyumbani anayejua vimetoka wapi, mzazi asianze kwa kipigo. Kipigo humfunga mdomo, na aliyempa vitu hivyo ndiye anayefaidika na ukimya huo. Watanzania tunamfahamu mtu huyo kwa jina la fataki, tangu kampeni ya redioni iliyompa jina hilo, na tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumuoa. Mkalishe binti, muulize kwa upole, mwambie kwamba atakachosema hakitamfukuzisha nyumbani. Kwa mvulana, chunguza mikeka ya kubeti na vitu vinavyopotea ndani ya nyumba. Hapo tafuteni msaada wa mwalimu wa ushauri au ofisi ya ustawi wa jamii mapema, kabla deni halijawa kubwa.

Kwa nyumba nyingi mambo hayafiki huko. Kinachofika ni Desemba. Kijana alinunua raba zake za laki mwezi wa pili, akazivaa kwenye mahafali, akafurahi kweli. Sasa Krismasi iko mlangoni, suruali zote zimemkimbia miguu, na fungu halina kitu. Bibi atamhurumia, shangazi atataka kutuma elfu thelathini, na mzazi mwenyewe moyo utamuuma. Waombe bibi na shangazi wasubiri. Chukua suruali ya mwaka jana, mpelekee fundi cherehani ashushe pindo, kisha mwende kanisani bila mtu yeyote kumkumbusha habari ya raba. Fungu jipya linaanza Januari, na mwache yeye ndiye aseme safari hii ataligawaje.